Maswali ya Wasomaji: Saini ya Mzigo Ambao Haujafika, na Mengine ya Kazini

Barua za safari hii zimekuja nyingi kutoka stoo, uhasibu na kamati za usaili. Tumezifupisha, na tumeondoa majina ya watu na ya ofisi.

SWALI: Mkuu wa kitengo anataka nisaini hati ya kupokelea mizigo kwamba nimepokea katoni 120 za karatasi. Zilizofika ni 70. Anasema zilizobaki ziko njiani, na mzabuni asipolipwa kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, bajeti itaondoka. Nikikataa nitaonekana mkorofi. Nifanyeje? (Mtunza stoo)

Saini 70.

Mhasibu anayelipa hafiki stoo kuhesabu katoni. Anaweka mezani karatasi tatu: oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mizigo, na ankara ya mzabuni. Ya kwanza inasema tuliomba nini, ya pili tumepata nini, ya tatu tunadaiwa nini. Zikikubaliana, analipa. Kati ya hizo tatu, ni moja tu inayotokana na mtu aliyeuona mzigo kwa macho yake, na mtu huyo ni wewe. Ndiyo maana anayeagiza, anayepokea na anayelipa huwa watu tofauti. Anayeagiza akianza kumwelekeza anayepokea aandike nini, utaratibu wote umebaki jina.

Tuseme umesaini 120. Mzabuni amelipwa na hana haraka tena. Sasa ana wateja wengine ambao bado hawajamlipa. Zile 50 zinaweza kuchelewa, zikaja za ubora wa chini, au zisije kabisa, na huna cha kumdai kwa sababu karatasi yako inasema ulishazipokea. Huku kwenye leja ya stoo kuna 120 na kwenye rafu kuna 70. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalioni mpaka siku ya ukaguzi: mtu akichukua katoni 5 wiki ijayo, huwezi kujua, maana tayari una pengo la 50 na wizi umejificha humo humo. Mkaguzi akija atakuta upungufu wa 55, na upungufu wa stoo huanza kuulizwa kwa mtunza stoo.

Namna ya kuandika nayo ina maana. Usiache tarakimu peke yake, maana 70 ni rahisi kuongezewa namba mbele. Andika: “Zimepokelewa katoni 70 (sabini) kati ya 120 zilizoagizwa. Zimebaki 50.” Weka tarehe, saa, jina kamili na saini. Kama umehesabu katoni bila kuzifungua, ongeza “yaliyomo hayajakaguliwa.” Dereva naye asaini, na maneno hayo hayo yaandikwe kwenye hati yake ya kupelekea mzigo kabla hajaondoka na nakala. Ukiandika kwenye nakala yako tu, mzabuni atabaki na karatasi isemayo 120, na mtabishana kwa hati mbili zisizofanana.

Sasa mkuu wako. Usimkatalie mbele ya dereva wala wapakuzi. Ukimwaibisha hapo, mazungumzo yatahama kutoka kwenye katoni kwenda kwenye heshima. Mfuate pembeni, tena mfuate na njia ya kutokea: “Mkuu, hizi 70 nazisaini sasa hivi ili ankara ya sehemu iingie leo. Hizo 50 zikifika, hata jioni sana, nitakuwepo kuzipokea.” Shida yake ya mwisho wa mwaka ni ya kweli, na ina njia zake halali: kulipa kwa sehemu, malipo ya awali yenye dhamana ya benki, au kuomba fedha zivukishwe mwaka ujao pale kanuni zinaporuhusu. Zote ziko mikononi mwa idara ya fedha, na hakuna hata moja inayohitaji saini ya uongo.

Akiendelea kung’ang’ania, mwandikie barua pepe fupi siku hiyo hiyo: “Kama tulivyozungumza leo saa 4 asubuhi kuhusu oda hii, nimepokea na kusaini katoni 70. Naomba maelekezo kwa maandishi kuhusu 50 zilizobaki.” Usitie lawama wala neno “rushwa.” Mara nyingi agizo la mdomo likiombwa kwa maandishi huishia hapo hapo. Na likija kwa maandishi kweli? Bado usisaini. Agizo la bosi linaweza kukupunguzia lawama, lakini haliifanyi hati iwe ya kweli. Hapo peleka barua zote mbili kwa mkaguzi wa ndani.

Kwa msomaji mwingine aliyekwisha kusaini: usiguse hati ya awali, usifute kwa wino mweupe, usiitafutie mbadala. Andika dokezo leo, lenye tarehe ya leo, lieleze idadi halisi, liende kwa uhasibu na nakala kwa mkuu wako. Dokezo lililoandikwa kabla mkaguzi hajauliza ni marekebisho. Likiandikwa baada ya yeye kuuliza linaitwa utetezi.

SWALI: Ninatunza petikashi, yaani fedha taslimu za matumizi madogo ya ofisi. Mwezi unapokuwa mgumu huchukua kidogo, naweka karatasi yenye jina langu na kiasi, na mshahara ukitoka narudisha chote. Haijawahi kupungua. Kuna ubaya gani?

Imepungua kila ulipochukua. Petikashi ina kiasi maalumu kisichobadilika, na saa yoyote mtu akifungua sanduku, fedha taslimu ukijumlisha na vocha za malipo lazima zilingane na kiasi hicho. Kama kiasi ni 100,000 na vocha ni 61,500, noti na sarafu ziwe 38,500, si 38,000 na kikaratasi. Kikaratasi chako si vocha: hakina idhini ya mtu mwingine wala hakionyeshi matumizi ya ofisi. Kinachothibitisha ni kwamba mwenye ufunguo amejikopesha.

Mtafiti wa uhalifu kutoka Marekani, Donald Cressey, aliwachunguza watu waliofungwa kwa kula fedha walizoaminiwa, na mwaka 1953 akaeleza mambo matatu yaliyokutana kwao: tatizo la fedha wasiloweza kumwambia mtu, nafasi ya kulitatua kwa siri, na maneno ya kujihalalishia. Neno lililotumika sana ni kwamba “wanakopa.” Wewe hayo matatu unayo yote, hata kama nia yako ni safi. Kinachofuata hutabirika: mwezi mmoja mshahara unachelewa, au ugonjwa unaingia nyumbani, deni linavuka mwezi, na ukaguzi wa kushtukiza unakuja katikati.

Rudisha leo, si mwisho wa mwezi. Kisha omba mkopo wa mshahara kwa njia ya kawaida. Kumwambia afisa utumishi kwamba umebanwa kunauma kidogo, lakini kunaondoa lile la kwanza kati ya matatu. Tena pendekeza kwa mkuu wako kwamba mtu asiyeshika ufunguo ahesabu sanduku kwa kushtukiza angalau mara moja kwa mwezi, na wote wawili msaini hesabu. Mtunza fedha mwaminifu ndiye anayefaidika zaidi na hesabu hizo, maana siku fedha zikipotea kweli ana mahali pa kuonyesha zilikuwa sawa mpaka lini.

SWALI: Mtoto wa dada yangu ameomba kazi kwetu, na mimi nimo kwenye kamati ya usaili. Ana sifa zote na sina mpango wa kumpendelea. Je, lazima niseme?

Lazima, na useme kabla majina hayajachujwa. Ukisema siku ya usaili umechelewa, kwa sababu tayari ulishiriki kuamua nani aingie kwenye orodha fupi.

Kinachotakiwa ni mistari michache kwa mwenyekiti wa kamati: jina la mwombaji, nafasi anayoomba, uhusiano wenu, na kwamba unajitoa kwenye mchakato wa nafasi hiyo. Watu hukosea kwenye hilo la mwisho. Wanajitoa kwa ndugu yao tu, kisha wanabaki kuwapa alama wengine watano. Kumshushia mshindani alama mbili ni sawa na kumpa ndugu yako mbili. Jitoe kwa nafasi nzima: usitunge maswali, usiyaone, usikae chumbani “kusikiliza tu,” na kama maswali yako kwenye folda ya pamoja, omba ufungiwe. Kumbukumbu za kikao zionyeshe ulitoka saa ngapi.

Unasema hutampendelea, nasi tunakuamini. Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: utamwonea. Wapo wasaili wanaowakandamiza ndugu zao kwa kuogopa maneno ya watu, na kijana aliyestahili anakosa kazi kwa kosa la kuwa na mjomba pale.

Akiajiriwa, asiwe chini yako, usimpime utendaji, usiidhinishe likizo wala posho zake. Haya yote yanahusu pia mchumba, mshirika wa biashara, mtu unayemdai na mtu anayekudai. Ukoo si kipimo pekee.

SWALI: Kila mwisho wa mwaka mzabuni wetu huniletea zawadi. Zamani zilikuwa kalenda na daftari, mwaka huu ni simu mpya. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Kalenda yenye nembo ya kampuni ni tangazo, inatundikwa ukutani kila mtu aione. Simu inaingia mfukoni. Angalia kwanza kanuni za kwenu, maana ofisi nyingi zimeweka kiwango cha juu na daftari la zawadi. Kama hazina kiwango, jiulize mambo mawili: je, mkataba wake unakaribia kuhuishwa, au kuna zabuni iko wazi? Na je, ungeipokea mbele ya wazabuni washindani wake? Zabuni ikiwa wazi, hata daftari rudisha.

Irudishe haraka, siku hiyo au kesho yake, kwa barua, na ipelekwe na mtu wa masijala au dereva wa ofisi ili kuwe na saini ya mpokeaji. Barua iwe fupi: “Tunashukuru kwa ushirikiano wenu. Kwa mujibu wa utaratibu wa ofisi, siruhusiwi kupokea zawadi ya aina hii, hivyo nairejesha pamoja na barua hii. Hatua hii haigusi uhusiano wetu wa kikazi.” Kusingizia utaratibu humpa naye pa kusimama mbele ya bosi wake. Nakala moja iende kwa mkuu wako, nyingine kwenye daftari la zawadi. Ikiwa ni kitu kinachoharibika, kama kikapu cha matunda, kiandike kisha kiwekwe mezani kwa wote.

Zawadi iliyopelekwa nyumbani na kupokewa na mwenzi wako inahesabika kuwa yako. Kadhalika karo ya mtoto, tiketi ya safari, na “mkopo” usio na tarehe ya kurudishwa.

SWALI: Mwenzangu akinikumbusha kazi kwa barua pepe humweka mkurugenzi kwenye nakala. Ni sahihi?

Kwa ukumbusho wa kwanza, hapana. Humo kuna mashtaka yaliyovaa nguo za ukumbusho. Mpangilio wa kiungwana ni barua ya kwanza kwako peke yako, yenye tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita, simu au mguu hadi mezani kwako. Ya tatu ndiyo iwe na nakala kwa msimamizi, na ikuarifu humo humo kwamba amewekwa. Wewe ukijibu, jibu kwa wote hao hao, kwa tarehe utakayomaliza, bila kulalamikia nakala. Malalamiko ya nakala ni ya ana kwa ana. Na nakala ya siri, ile ambayo wengine hawaioni, itumie kuficha anwani za watu wengi unapotuma tangazo, si kumruhusu mtu asikilize mazungumzo kwa siri.

SWALI: Niliandaa ripoti kwa wiki tatu. Kiongozi wa timu ameiwasilisha kwenye kikao cha menejimenti kama yake. Nilinyamaza, na roho bado inaniuma.

Kwanza tenganisha mambo mawili. Kiongozi kuwasilisha kazi ya timu ni kazi yake. Kosa ni kuificha mikono iliyoifanya. Inawezekana hata hakufikiria. Mwombe dakika kumi ndani ya siku mbili au tatu, kabla jambo halijapoa, na uzungumze kuhusu kitu kimoja tu: “Ripoti ile niliiandaa mimi, na kwenye kikao jina langu halikutajwa. Naomba muhtasari unaosambazwa unitaje kama mwandaaji.” Ombi dogo lenye mahali pa kutekelezwa linajibika. “Hunithamini” halijibiki.

Kazi ijayo, jina lako liwepo kabla haijatoka mikononi mwako: ukurasa wa kwanza uandike “Imeandaliwa na,” kisha “Imepitiwa na.” Tuma rasimu kwa barua pepe yenye maelezo mafupi badala ya kuihamisha kwa fleshi, na omba kuwepo kikaoni kujibu maswali ya takwimu. Hilo la mwisho viongozi wengi hulikubali kwa furaha, kwa sababu takwimu za mtu mwingine ndizo zinazowatoa jasho. Na kama wewe mwenyewe ulisaidiwa na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kukusanya data, jina lake nalo liwemo.

SWALI: Mfanyakazi mwandamizi humtania binti aliyekuja mafunzo kuhusu mwili wake, pale ofisini na kwenye grupu la WhatsApp la idara. Binti hucheka. Je, inanihusu?

Inakuhusu. Kicheko cha mtu anayesubiri fomu yake ya tathmini isainiwe hakithibitishi kwamba amependezwa. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2021, unawataja wazi wanaojifunza kazi miongoni mwa wanaolindwa, unahesabu hata tendo moja lisilorudiwa, na unaingiza safari za kikazi na mawasiliano ya kielektroniki. Kwa hiyo ile hoja ya “ni grupu tu, si ofisi” haina miguu.

Katiza utani pale pale kwa sentensi moja isiyo na hotuba: “Hilo hapana, turudi kwenye kazi.” Baadaye muulize binti, faraghani, anataka nini kifanyike, usimshtakie bila yeye kujua, maana kisasi kikija kitamwangukia yeye. Andika ulichoshuhudia siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, waliokuwepo. “Alimtukana” haimsaidii mchunguzi. Maneno halisi, hata yakikera kuyaandika, ndiyo yanayomsaidia. Hifadhi picha za jumbe zikionyesha tarehe. Msimamizi wake akiwa ndiye mtaniaji, pitieni moja kwa moja kwa afisa utumishi au chombo kilichotajwa kwenye kanuni zenu, na mjulishe pia mratibu wa mafunzo chuoni kwake, binti akiridhia.

SWALI: Naacha kazi ya mauzo mwisho wa mwezi. Orodha ya wateja niliijenga mwenyewe kwa miaka. Naweza kuondoka na nakala?

Uliijenga kwa muda uliolipwa, kwa simu na jina la kampuni. Ni ya kampuni, na ndani yake kuna namba za watu waliozitoa kwa ajili ya huduma ya kampuni hiyo, si kwa ajili ya safari yako inayofuata. Kujitumia faili kwenye barua pepe binafsi wiki za mwisho ndiko kunakogeuza kuaga kukawa kesi, na mifumo mingi huweka kumbukumbu ya kila faili lililotoka. Unachoondoka nacho ni ujuzi, vyeti vyako, hati za mishahara, tathmini zako, na uhusiano na watu watakaokutafuta wenyewe. Kama mkataba wako una kifungu cha kutowafuata wateja kwa muda fulani, kisome kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Ukikisoma baada ya hapo umechelewa.

Mwambie msimamizi wako ana kwa ana kwanza, ndipo barua ifuate siku hiyo. Asisikie kwa wenzako. Barua iwe na tarehe ya leo, siku ya mwisho kwa kuhesabu notisi ya mkataba, na shukrani ya mstari mmoja. Sababu si lazima. Kisha anza hati ya makabidhiano mapema, si alasiri ya mwisho: kwa kila mteja, hali ya oda, deni, ahadi uliyotoa na tarehe yake, na nani wa kuzungumza naye. Ahadi za mdomo ndizo husahaulika, na mrithi wako ndiye atakayekaripiwa kwazo. Manenosiri usiyaandike kwenye hati. Mtu wa mifumo abadilishe mbele yako. Simu ya ofisi itoe kwenye akaunti zako binafsi kabla ya kuirudisha, bila kufuta jumbe za wateja. Mpokeaji asaini kila ukurasa, pamoja na orodha ya vifaa na namba zake, na ubaki na nakala moja.